Dakika 68 za Shangazi

Aliingia saa nne asubuhi, khanga kiunoni, akaketi kwenye kiti cha wateja bila kukaribishwa. Shangazi hakaribishwi, ni mwenye mji.

Nina steshenari ndogo hapa Majengo, Dodoma. Natoa kopi, nachapa barua, nawajazia vijana maombi ya ajira, nawasaidia wazee na mambo ya NIDA. Kwa kifupi, mtu akiwa na swali ambalo majirani wamelishindwa, huja kwangu na shilingi mia mbili mkononi.

"Baba, ingia humo," akasema, akiielekeza kompyuta kwa kidevu. "Niulizie ndege ya Songea inachukua muda gani."

Humo. Intaneti kwa Shangazi ni chumba, na mimi ndiye mwenye ufunguo.

Nikaandika majina mawili ya viwanja. Jibu likaja kabla sijainua kidole: Dodoma hadi Songea, kilomita 502, muda wa kuruka saa 1 na dakika 8. Nikamsomea kwa sauti, nikijisikia mtu wa maana.

"Dakika sitini na nane," akarudia polepole. Kisha akacheka mpaka akajishika mbavu. "Kumbe Songea ni hapo tu!"

Binti yake, dada yangu, ameolewa Songea na alikuwa amejifungua. Arobaini ya mtoto ilikuwa inakaribia. Shangazi alikuwa hajawahi kupanda ndege maishani, na nadhani uamuzi wa kupanda ulifanyika pale pale, kwenye kile kiti cha plastiki, kwa sababu ya namba niliyomsomea mimi.

Namba hiyo imenikalia kooni wiki ya sita sasa.

## Nani kafa Dar?

Kufika jioni ile, ukoo mzima ulikuwa na habari. Shangazi anapaa. Anatoka Dodoma baada ya chai ya saa nne, anakula chakula cha mchana na mjukuu. Aliagiza zabibu za Hombolo, zile nyeusi za msimu wa Agosti, akasema zitafika Songea zingali na baridi ya asubuhi.

Siku mbili baadaye nikakaa kumtafutia tiketi. Kila safari niliyoletewa ilikuwa na vipande viwili: Dodoma kwenda Dar es Salaam, halafu Dar es Salaam kwenda Songea. Nikabadilisha tarehe. Nikabadilisha tena. Nikampigia wakala wa tiketi ninayemfahamu mjini, akaniuliza kwa upole kama kweli mimi ni mwenyeji wa Dodoma.

Nikaenda Kikuyu, mtaa anaokaa Shangazi, kumweleza mwenyewe, uso kwa uso.

"Dar?" akasema. "Nimeuliza Songea."

"Ndiyo, Shangazi. Unapitia Dar."

"Nani kafa Dar?"

Sikuwa na jibu. Akaendelea, sasa kwa sauti ya mtu anayemfundisha mtoto: ukitaka kwenda Songea unapita Mtera, unapita Iringa, unapita Makambako, unapita Njombe. Njia anaijua, ameipita kwa basi mara nyingi kuliko mimi. Sasa ndege, chombo ambacho hakina kona wala tuta, inakuwaje izunguke hadi baharini?

"Kwani haiwezi kupita Iringa?"

Nilirudi dukani swali hilo likiwa begani.

## Rula na ramani

Kitu cha kwanza nilichofanya ni kujitetea. Nilitaka kujua kama ile kilomita 502 ni ya kweli, kwa sababu kama ni ya kweli basi sikumdanganya mtu.

Hesabu yake ni rahisi kuliko nilivyodhani, na hapa naomba mnivumilie kidogo. Uwanja wa ndege wa Dodoma uko latitudo nyuzi 6 na dakika 10 kusini ya ikweta. Uwanja wa Songea uko nyuzi 10 na dakika 41. Toa moja kwa nyingine, unabaki na nyuzi 4 na dakika 31, yaani dakika 271, kwa kuwa nyuzi moja ya ramani ina dakika 60. Na dakika moja ya latitudo, kwa jinsi mabaharia walivyopanga mambo yao zamani, ni maili moja ya baharini, ambayo ni kilomita 1.852. Zidisha. Kilomita 502.

Nilifanya kwa kalamu, nyuma ya fomu ya mteja aliyekosea kujaza. (Wapimaji wakali watasema ni 499, kwa kuwa dunia imebonyea kidogo kwenye ncha zake. Kilomita tatu nawaachia.)

Hesabu inakuwa nyepesi hivyo kwa sababu Songea iko kusini kabisa ya Dodoma. Kusini haswa, hakuna mchepuko wa kutajika. Longitudo ya Dodoma ni 35.75, ya Songea 35.58. Jua likifika utosini hapa Majengo, linafika utosini Songea sekunde 40 tu baadaye. Watu wa miji hii miwili wanakimbilia kivuli pamoja, na sikuwahi kulifikiria hilo hata siku moja.

Kisha nikaweka rula kwenye ramani ya ukutani, ile ninayowauzia wanafunzi, nikavuta mstari wa penseli kutoka Dodoma kushuka.

Mstari ukapita Nduli.

Nduli ni uwanja wa ndege wa Iringa. Longitudo yake na ya uwanja wa Dodoma zinalingana mpaka desimali ya pili. Ndege ikiondoka hapa ikanyoosha pua kusini, baada ya kilomita 166 inakuwa juu ya Iringa kama imefungwa kamba.

Kwa hiyo Shangazi alikuwa sahihi. Hajashika rula tangu darasa la nne, lakini njia ya Songea inapita Iringa, ardhini na angani.

## Pale barabara inapokimbia

Nilidhani nimemaliza, lakini ramani ina tabia ya kukushika mkono.

Kutoka Iringa kwenda kusini, mstari wangu wa penseli uliendelea kunyooka huku barabara ikikata kuelekea magharibi. Inakwenda Mafinga, inafika Makambako, inateremka Njombe, na pale Njombe iko karibu kilomita 100 magharibi ya mstari. Halafu inarudi mashariki, inapita Madaba, mpaka Songea. Kilomita zaidi ya 700 kwa safari ambayo rula inasema ni 500.

Nimeipita barabara hiyo mara tatu maishani na sikuwahi kujua kwamba nilikuwa nazunguka kitu.

Kitu chenyewe ni ukingo wa Mufindi na bonde la Kilombero. Ukitoka Iringa ukasema unanyooka, nyanda za juu zinakatika ghafla, unaporomoka hadi bondeni, kwenye mito na tope la Mlimba, halafu unatakiwa kupanda tena upande wa pili. Mjenzi wa barabara mwenye akili timamu anabaki juu, anazungukia magharibi. Basi linalipa fidia ya mlima kwa kilomita 200 na ushei.

Ndege haidaiwi fidia hiyo. Mlima kwake ni mandhari. Ndiyo maana swali la Shangazi lilizidi kunikera: barabara inazunguka kwa sababu ya mlima, je, ndege inazunguka kwa sababu ya nini?

Maana mzunguko wake ni mkubwa kuliko wa basi. Dodoma hadi Dar ni kama kilomita 390 kwa mstari. Dar hadi Songea ni kama 580. Jumla 970. Chombo kisicho na kona kinasafiri karibu mara mbili ya umbali wenyewe, wakati basi, lenye kona za Nyang'oro na vibao vya 50 kila kijiji, linazidisha chini ya nusu.

Nilikaa na namba hizo jioni nzima. Mteja alikuja kutaka bahasha nikampa gundi.

## Ndege ya nani?

Nikaanza kushuku sasa ile nusu ya pili ya jibu, dakika 68.

Umbali niliuhakiki kwa kalamu. Muda je, ulitoka wapi? Hakuna ndege iliyopimwa ikiruka kati ya viwanja hivi viwili kisha mtu akaandika dakika zake. Nikaanza kuuchokonoa. Chukua kilomita 502, gawanya kwa mwendo wa kilomita 800 kwa saa, unapata dakika 38 bila senti chache. Ongeza nusu saa ya kupaa na kutua. Dakika 68.

Basi. Hiyo ndiyo siri yote ya humo.

Kilomita 800 kwa saa ni mwendo wa ndege kubwa ya jeti ikiwa imeshatulia juu. Viwanja vya mikoani tumezoea zaidi zile za pangaboi, ambazo wengi bado tunaziita Bombadia. Q400, ndiyo Bombadia yenyewe, ikikazana inafikia kilomita 660 hivi kwa saa. ATR 72 inakwenda kama 500. Cessna Caravan, ile ndogo ya injini moja inayobeba watu kumi na kidogo, inakwenda 340 hivi, na kwa hiyo ingetumia saa moja na nusu angani kabla hujahesabu kupaa na kutua.

Na kuruka kwenyewe hakuanzi na kusini. Njia ya kurukia ya Dodoma imelala mashariki na magharibi, na upepo wetu, kila mkazi anaujua, ni wa mashariki. Siku nyingi ndege inapaa ikitazama mashariki, inapita juu ya mabati ya watu, ndipo inageuka. Mchana wa jua kali inachelewa kidogo kunyanyuka, kwa kuwa tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na hewa yenye joto ni nyepesi, haibebi vizuri. Mahesabu ya mtandaoni hayana joto wala upepo, na wala hayana mtu mnene aliyekalia siti ya Shangazi na hataki kuhama.

Kwa hiyo nilichomsomea kilikuwa muda wa ndege ambayo haipo, inayokwenda mwendo usio wake, kwenye njia ambayo hakuna anayeipita.

Na bado, hapa ndipo akili yangu ilipokwama, jibu halikuwa la uongo. Ningeweza kulitetea mbele ya hakimu. Umbali ni sahihi. Hata muda, ukiwapa Q400 na rubani asiye na foleni, hautakosea kwa zaidi ya dakika kumi.

Jibu sahihi la swali ambalo Shangazi hakuuliza.

Yeye aliposema "inachukua muda gani" alikuwa anauliza atatoka nyumbani lini na atamshika mjukuu lini. Kiswahili chetu hakitenganishi hayo mawili. Mtu akikuuliza Singida ni muda gani, humjibu tangu gia ya kwanza ya basi. Unamjibu, ukitoka alfajiri saa nne uko mezani unakunywa chai. Mimi nilikijua Kiswahili hicho tangu tumboni, nikakisahau kwa sababu mbele yangu kulikuwa na kioo kinachowaka.

## Safari yenyewe

Alikwenda. Alikuwa ameshatangaza atapaa, na Shangazi harudishi neno.

Tiketi niliichapa mwenyewe, na juu yake nikaandika saa kwa kalamu nyekundu. Hii ni kazi ninayomfanyia kila mzee anayesafiri kwa ndege. Tiketi ikisema 06:10, mtu mzima anasoma saa sita na dakika kumi, anakwenda uwanjani mchana akiwa ameoga na kula, anakuta ndege iliondoka alfajiri. Nimeshuhudia machozi ya aina hiyo. Kwa hiyo nikaandika: *saa tisa na dakika kumi alasiri*, Dodoma. *Saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi, siku ya pili*, Dar.

Siku ya pili, ndiyo. Kwa tarehe alizotaka, hakukuwa na ndege ya kumpeleka Songea jioni ile ile.

Alitoka Kikuyu saa sita mchana siku ya Ijumaa, na katoni ya zabibu iliyofungwa kwa kamba ya katani. Saa kumi na robo alikuwa Dar. Akapokelewa na shemeji, akapelekwa Tabata, akala, akalala kidogo. Saa tisa usiku akaamshwa kwa sababu shemeji anaogopa foleni hata saa ambayo foleni imelala. Saa moja na nusu asubuhi akatua Songea. Saa mbili na nusu, Jumamosi, akamshika mjukuu.

Saa ishirini na nusu. Angani alikaa saa mbili na dakika kama ishirini.

Basi, siku hiyo hiyo, kwa kawaida lingechukua saa kumi na nne.

Zabibu hazikusamehe. Dodoma joto letu ni kavu, zabibu inakaa siku mbili kwenye katoni na bado inapasuka mdomoni. Usiku mmoja wa Tabata ukatosha kuzitoa jasho. Dada alinitumia picha: nusu zimelainika, zimegandana, na maji ya zambarau yamechora ramani chini ya katoni. Chini ya picha aliandika neno moja: "Dakika?"

Nilijua limetoka kwa nani.

## Mwaka 1932

Wiki zilizofuata nikawa napekua mambo ya ndege kila duka linapopoa. Nilikuwa natafuta mtu wa kumlaumu, nasema kweli. Badala yake nikakutana na kitu kilichonifanya nisimame.

Mwaka 1932, shirika la Kiingereza la Imperial Airways lilianza safari kutoka London hadi Cape Town. Siku nyingi, vituo vingi, ndege inateremka kila mara kuweka mafuta na abiria wanapumzishwa. Ikifika Nairobi ilishuka Moshi. Ikitoka Moshi ilishuka Dodoma. Ikitoka Dodoma ilikwenda Mbeya, kisha ikavuka kuingia Zambia ya leo.

Moshi, Dodoma, Mbeya. Nilisoma orodha hiyo mara mbili nikitafuta Dar es Salaam.

Miaka zaidi ya 90 iliyopita, Dodoma ikiwa stesheni ya reli na vumbi tu, mtu alipanda ndege hapa akaelekea nyanda za juu kusini bila kwenda kusalimia bahari. Sisemi mtu yeyote, maana abiria walikuwa wakoloni na barua zao, na babu yangu angeruhusiwa kuisogelea ndege ile kwa kazi moja tu, ya kubeba mapipa ya mafuta. Nisiifanye hadithi kuwa tamu kuliko ilivyokuwa. Lakini njia ilikuwepo, kaskazini kwenda kusini, na sisi tulikuwa shanga katikati ya uzi.

Mwaka 1937 uzi ukahamishwa. Waingereza walileta ndege za kutua majini, na ndege ya kutua majini inataka bahari. Njia ikafuata pwani: Mombasa, Dar es Salaam, Lindi, ikaendelea kusini. Dodoma haina bahari. Tuna mabwawa, nayo mwezi wa kumi huwa ni matope yenye nyayo za ng'ombe.

Nilipopata hilo nilifurahi kama niliyeshinda kesi. Nikamwambia kila aliyeingia dukani: mnaona, walitunyang'anya! Mwalimu mmoja mstaafu, mteja wangu wa magazeti, alinisikiliza hadi mwisho, akakunja gazeti lake.

"Sasa wewe," akasema, "ungepanda?"

## Viti 76

Swali lake ni baya kwa sababu ni la hesabu, na nilikuwa nimeshaonja hesabu.

Q400 ina viti 76. Tuseme iende Songea mara mbili tu kwa wiki. Kwenda na kurudi, ni viti 304 kila wiki. Nikakaa nikahesabu watu ninaowajua Dodoma wenye jambo la Songea. Nikampata Shangazi. Nikampata ofisa mmoja wa wizara anayetokea Namtumbo. Nikampata mfanyabiashara wa mahindi, ambaye hata umpe tiketi ya bure atakwenda na lori lake. Wanafunzi wa vyuo wako wengi, ila nauli yao ni ya basi, tena la punguzo. Nikajilazimisha kufikia 30, nikiwemo mimi.

Halafu nikafanya hesabu nyingine. Tanzania Bara ina mikoa 26. Ukitaka kila mkoa uwe na ndege ya moja kwa moja hadi kila mkoa mwingine, unahitaji njia 325. Ukiwapitisha wote mji mmoja, unahitaji njia 25. Ishirini na tano, na kila mtu anafika kila mahali, hata kama anafika amechoka na zabibu zimeoza.

Ilinichukua siku kadhaa kulikubali hilo. Nilikuwa nimeshajenga hasira nzuri, na kuibomoa mwenyewe kunauma. Yule anayepanga njia za ndege, simjui, huenda naye ana shangazi. Ameketi na viti vyake 76 na mafuta yake yasiyopatikana kila uwanja, anachagua njia 25.

Lakini sikuibomoa yote. Kuna kipande kimebaki.

Mwaka 1973 ilipoamuliwa makao makuu yahamie Dodoma, sababu mojawapo iliyotajwa ilikuwa kwamba Dodoma ni katikati. Mtu wa Songea, wa Kigoma, wa Mara, wote wafike bila mmoja kupendelewa na jiografia. Katikati, kwa rula, ni kweli. Lakini ukitaka kujua katikati ya angani iko wapi usiangalie rula, angalia watu wanalala wapi njiani. Wanalala Tabata.

Sasa pale Msalato, kaskazini ya mji, kuna uwanja mpya wenye njia ya kurukia ya mita 3,600. Ndege kubwa kuliko zote tulizozoea zitashuka. Nikipita huko na bodaboda huwa natazama lami ile inavyonyooka nikajiuliza: ikifunguka yote, tutakuwa shanga ya uzi gani? Lami haisemi ndege inakwenda wapi. Na treni ya umeme, tangu 2024, imeshatusogeza Dar hadi saa tatu na nusu hivi, jambo jema kabisa, ila nalo limetusogeza kule kule.

## Alivyorudi

Shangazi alirudi kwa basi. Hakuniuliza ushauri, na sikuthubutu kuutoa.

Alishuka stendi ya Nanenane saa mbili usiku, miguu imevimba kama mihogo, na kesho yake saa nne alikuwa kwenye kiti cha plastiki. Akaniwekea mezani kilo ya kahawa ya Mbinga iliyofungwa kwenye gazeti.

"Mbukwenyi," akanisalimia kwa Kigogo, akajiitikia mwenyewe kwa kunichoka.

Nilimwomba radhi. Nilikuwa nimejiandaa kwa wiki, nikamweleza latitudo, mwendo wa kilomita 800, ile nusu saa ya kuongeza. Alinisikiliza huku anafungua kiatu.

"Hiyo ndege ya dakika sitini na nane," akasema nilipomaliza, "umesema ingepita Iringa?"

"Juu yake kabisa."

"Basi mimi sikukosea."

"Hukukosea, Shangazi."

Akaridhika. Kisha akaniambia mambo ya ndani ya ndege ambayo hakuna aliyewahi kuniambia: kwamba mawingu kwa juu yanafanana na pamba isiyochambuliwa, kwamba kutoka Dar kwenda Songea aliona mto mkubwa ukijikunja na hakuna wa kumwambia jina lake, kwamba alisali wakati wa kupaa na akalala wakati wa kutua. Nilimuuliza kama angepanda tena. Akasema inategemea.

Mngurumo ukaanza upande wa uwanja. Mtu ukikaa Majengo hausikii tena, lakini siku ile sote wawili tulitoka barazani, yeye na kiatu kimoja. Ndege ilipaa ikitazama mashariki, kama kawaida, tumbo jeupe juu ya mabati.

"Ikikata kulia ni Songea," nikamwambia.

Tukaitazama. Ilipanda, ikapanda, ikanyooka na upepo usoni mpaka ikawa kama punje ya ulezi.

"Haijakata," akasema Shangazi, na akarudi ndani kuutafuta mguu wa pili wa kiatu.